Hofu Hupandisha Sauti

Nyinyi vijana mnaoimba, wacha niwaambie jambo ambalo walimu wenu wa kwaya wanawaficha. Anayeogopa zaidi si yule anayeanza. Anayeanza hajui kitu. Anasimama mbele ya kanisa, anapayuka, anatoka nje ya wimbo na kurudi kwa bahati, kisha anakwenda kukaa akitabasamu huku mamake akimpigia makofi. Anayeogopa ni yule wa katikati. Huyo amejifunza kiasi cha kuyasikia makosa yake mwenyewe, lakini hajajua bado namna ya kuyakwepa. Kama unajificha nyuma ya mwenzako kila jina lako likitajwa kwa solo, basi wewe ni wa katikati, na maneno haya ni yako.

Mimi naitwa Syombua. Nimefundisha kwaya tangu nikiwa msichana mpaka magoti yalipokataa kusimama mazoezi yote. Nimefundisha Matiliku, nimefundisha Kasikeu, nimefundisha hapa Tawa ninapoishi, na mara kadhaa nimeitwa hata Kitui kunyoosha kwaya zilizopinda. Watu hudhani mwalimu wa kwaya haogopi. Wueh! Kila nilipoinua mikono kuanzisha wimbo, vidole vyangu vilikuwa baridi kama vya mtu aliyetoka kuosha sufuria asubuhi ya Julai. Kwa miaka mingi niliota ndoto ileile: nashusha mkono, kwaya nzima inafungua midomo, na hakuna sauti inayotoka. Nimestaafu, lakini naona hiyo ndoto bado haijaambiwa. Juzi imenijia tena.

Aliyenifundisha kazi ni mzee Kimeu wa Kasikeu, ambaye sasa ni marehemu. Hakuwa na kinanda. Alikuwa na kile chuma kidogo chenye miguu miwili. Unakigonga gotini, unakiweka karibu na sikio, na kinakupa sauti moja tu, leo na kesho na mtondo. Kutoka kwa sauti hiyo unatafuta do ya wimbo wako, halafu unawapa waimbaji, kila kundi sauti yake. Kuna nyimbo ambazo sauti ya chuma ndiyo mi. Basi unashuka polepole, mi, re, do, na hapo umefika nyumbani. Ni jambo dogo ambalo mtoto wa shule hulifanya akiwa amekaa. Akisimama mbele ya watu, husahau kushuka. Anaichukua sauti ya chuma anaifanya do, na wimbo mzima unapanda juu kuliko ulivyoandikwa. Mwanzoni hakuna anayejua. Mnaanza vizuri, mnajisikia wepesi, hata mnapendeza. Kisha wimbo unafika pale pa juu na sauti ya kwanza inagundua kwamba hakuna njia ya kupita. Nimeona wanawake watu wazima wakifunga midomo kwa pamoja, wimbo ukabaki na wanaume peke yao wakinguruma. Nimeona pia walioendelea kwa nguvu, na ni afadhali wangefunga.

"Chuma hakijui kuogopa," Kimeu alikuwa akituambia. "Wewe ndiye unajua. Mtu akiogopa mabega yanapanda, nyusi zinapanda, na sauti nayo inapanda. Kwa hivyo ukiogopa, shuka."

Tulimwogopa yeye kuliko majaji. Alikuwa na tabia ya kusimamisha wimbo katikati na kunyamaza. Hasemi nani amekosa. Anatutazama tu, mmoja mmoja, mpaka mwenye kosa aanze kutokwa na jasho. Mara nyingi wasio na kosa ndio waliotokwa na jasho zaidi. Mimi nilipoanza kufundisha niliapa kwamba sitafanya hivyo, kwa sababu mwimbaji anayemwogopa mwalimu hubana koo, na koo likibanwa hakuna mafundisho yatakayopita. Lakini pumzi alitufundisha vizuri, siwezi kumdhulumu. Alituweka mbele ya jiko lenye makaa na kutuambia tupulize makaa yawake bila kurusha jivu. Jaribuni nyumbani. Ukipuliza kwa pupa, jivu lote liko usoni mwako. Ukipuliza kwa uoga, makaa yanazima. Pumzi ya kuimba ni ile ya katikati, nyembamba na ndefu, na mbavu zikae wazi muda wote kama hazina habari kwamba hewa inaisha.

Jambo jingine kuhusu pumzi, na hili nililigundua mwenyewe. Mwoga hujaza hewa nyingi mno. Anavuta, anavuta, anajaa mpaka shingoni, kisha anashangaa kwa nini noti ya kwanza imeruka. Kabla ya kuanza, toeni pumzi kwanza. Mtoe yote. Mwili utavuta inayotosha bila kuambiwa.

Na tafadhali muachane na mayai mabichi. Kulikuwa na kijana wa Matiliku, Mutisya, mwenye sauti ya tatu nzuri ajabu, ambaye mtu alimwambia kwamba yai bichi hulainisha koo. Siku ya mashindano hakunywa yai peke yake. Alikunywa na tangawizi juu, na limau, na asali, na soda baridi ya kuteremshia. Alipofika ubeti wa pili alitoa kitu ambacho hakikuwa noti. Kwaya nzima ilipoteza pumzi kwa kujizuia kucheka, na mimi niliyekuwa mbele nikawa naongoza wimbo usioimbwa. Leo nacheka, lakini siku hiyo nilitaka ardhi ipasuke. Maji ya uvuguvugu yanatosha. Mdomo ukikauka jukwaani, uma ulimi kidogo pembeni kwa meno, mate yatakuja.

Sasa niwaambie kuhusu shingo. Hili halikuandikwa katika kitabu chochote cha muziki nilichowahi kushika, kwa sababu walioandika hawakuwa wanachota maji kwetu. Nilifundisha miaka mingi nikijiuliza kwa nini kuna waimbaji wanaoimba vizuri jioni na vibaya asubuhi. Kisha asubuhi moja nikawaona wakipanda kutoka mtoni, mtungi wa plastiki mgongoni, ule ukanda tunaouita mukwa umepita kwenye paji la uso, kidevu mbele, mishipa ya shingo imetuna. Mtu akibeba maji hivyo tangu utotoni, shingo hujifunza kwamba kila jambo gumu hufanywa kwa kusukuma kichwa mbele. Akifika kwenye noti ya juu, ambayo nayo ni jambo gumu, anafanya vilevile. Kichwa kinaenda mbele, koo linajifunga, na sauti inavunjika pale kwenye daraja.

Daraja ndilo jina langu la ile sehemu ambapo sauti ya kifua inaisha na sauti ya kichwa inaanza. Kila mtu anayo. Wa katikati ndio wanaofia hapo. Wanafika hapo na mzigo wote wa sauti ya chini, wanataka kuuvusha kwa nguvu, na daraja haliubebi. Dawa yake ni kupunguza mzigo kabla hujafika. Anzeni na ile ng' ya ng'ombe, mdomo karibu umefungwa, mteleze kutoka chini hadi juu kwa sauti ndogo ambayo jirani hawezi kuisikia. Mkishavuka hivyo mara nyingi, fungueni mdomo taratibu. Na neno la juu likiwa na a pana, ipeni a hiyo umbo la o kidogo. Msikilizaji atasikia a tu, lakini koo lenu litawashukuru.

Haya yote nilimfundisha Mwende, na hayakumwokoa siku aliyoyahitaji.

Mwende ni fundi wa nguo hapa Tawa. Anashona sare za shule katika chumba kidogo karibu na soko. Alikuwa mwanafunzi wangu wa mwisho, na nilipostaafu kwaya ilimpa yeye kazi ya kutoa noti na kuongoza solo. Sisi Wakamba tulikuwa na ngui, mtu ambaye ngoma nzima ilimtazama yeye aanze, na naona kwaya zetu zimemrithi bila kusema. Pasaka ilipofika kulikuwa na mkutano wa hadhara. Mwende akasimama, akaimba vizuri, akafika kwenye neno la juu, na sauti ikavunjika katikati ya neno. Ilikuwa ni kitambo kidogo sana. Zamani kitu kama hicho kingesahauliwa kabla watu hawajafika nyumbani. Lakini siku hizi kila mtu ana simu. Kuna aliyekata hicho kipande, akakirudiarudia, akaongeza mlio wa mbuzi, akakituma. Kufikia Jumatatu soko lote lilikuwa nacho. Vijana wa bodaboda wakipita mlangoni pake walikuwa wanalia "Mee!" na kuongeza mafuta.

Hakuja kanisani wiki kadhaa. Alipokuja alikaa nyuma, na wakati wa nyimbo midomo yake haikusogea hata kidogo. Nilimtazama na nikaogopa. Nimeona sauti zikifa. Sauti haifi kwa ugonjwa. Mtu anaacha kuimba kanisani, kisha anaacha kuimba akiosha vyombo, kisha siku moja unamsikia akiongea na unagundua hata sauti ya kuongea imekuwa ndogo.

Nilimpelekea rinda ambalo halikuhitaji fundi.

"Lipanuliwe wapi, Mwalimu?" aliniuliza. "Hii inakutosha sawasawa."

"Panua tu. Nataka kunona."

Hakucheka. Alizima cherehani. "Kama umekuja juu ya maneno ya kwaya, mimi niliachana nayo. Si uliona hiyo video?"

"Niliona."

"Basi umeona. Mwaitu, mama yangu, hata wateja wanaleta nguo wakiangalia chini ndio wasicheke. Mtoto wa dada yangu aliniuliza kama ni mimi ndio mbuzi."

"Na ukamwambia nini?"

"Nikamwambia ndio." Akaanza kulia. Nilitaka kumwambia haitatokea tena, lakini hiyo ni ahadi ambayo hakuna mwalimu wa sauti anayeweza kuitoa. Sauti huvunjika. Ya kwangu ilivunjika, ya Kimeu ilivunjika. Kwa hivyo nilimuuliza tu kama atanivumilia nikiwa nakaa hapo mchana, kwa sababu nyumbani kwangu kuna joto.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Cherehani ikiwa inanguruma, alivumisha ng' ya ng'ombe chini kwa chini, hakuna aliyemsikia, hata mimi kwa shida. Nilichukua leso, nikaipitisha nyuma ya kichwa chake, nikaivuta taratibu kuelekea kwangu na kumwambia asukume kichwa nyuma akiipinga. Ni kinyume kabisa cha mukwa. Shingo ilirefuka, kidevu kikarudi mahali pake, na ile noti iliyomvunja ikatoka kwa ulaini mpaka akazima cherehani akanitazama kama nimemwibia kitu. Baadaye aliimba mteja mmoja akiwepo. Baadaye wawili. Mteja wa tatu alikuwa mama mwenye haraka aliyesema, "Imba ukishona, usisimamishe mguu," na nadhani hilo lilimsaidia kuliko maneno yangu yote.

Kisha nikamwambia achukue simu yake ajirekodi. Alikataa. Aliiweka simu kifudifudi mezani na kuisukuma mbali. Nilimwelewa, mimi pia siipendi. Wakati wetu ulikuwa hujui unavyosikika, na ujinga huo ulikuwa na baraka zake. Lakini wanangu, simu ndiyo jukwaa lenu, hamtaikimbia. Nilimwambia ajirekodi akivunja sauti kwa makusudi, mara nyingi anavyotaka, mpaka mlio huo umchoshe. Alivunja, akasikiliza, akakunja uso. Siku iliyofuata akavunja tena na kusikiliza akiwa anatia uzi kwenye sindano. Hapo nikajua tumepiga hatua, lakini sikusema, nisije nikamtisha.

Mashindano ya makwaya ya eneo letu yalikuwa Kasikeu, katika uwanja wa kanisa. Kila kwaya ilitakiwa kuimba wimbo uliochaguliwa na majaji, bila kinanda, kisha wa pili wa kujichagulia. Asubuhi hiyo sikuweza kunywa chai. Mimi sikuwa mwimbaji wala mwongozaji, nilikuwa mtazamaji tu kwenye kiti cha plastiki mstari wa mbele, na bado mikono yangu ilikuwa baridi. Nilijua kile ambacho wengine hawakukijua. Mwende alikuwa ameniambia njiani, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba sauti yake ikivunjika leo hataimba tena maisha yake yote, hata wimbo wa kubembeleza mtoto. Mwende hasemi vitu vya kutisha watu. Nilimwamini.

Walipopanda jukwaani, simu nazo zilipanda. Mikono kila upande. Na kutoka nyuma, karibu na mahema, mtu akalia, "Mee!" Kicheko kidogo kikapita kwa watu na kutulia.

Mwende akagonga chuma gotini. Akakiweka sikioni. Akawapa kwaya sauti zao, na zilikuwa juu mno. Wimbo ule sauti ya chuma ndiyo mi. Hakushuka. Aliifanya do, na alikuwa amewapa waimbaji wimbo ambao pale juu hakuna hata mmoja wao angeufikia, na yeye mwenye solo angekuwa wa kwanza kuanguka. Niliwaona wa sauti ya kwanza wakitazamana. Walijua. Lakini nani angemwambia, mbele ya watu wote wale? Nilitaka kupaza sauti, na kanuni haziruhusu.

Aliinua mkono kuanza. Mkono ukabaki hewani. Sijui aliona nini, nyuso za wenzake au kitu ndani ya mwili wake mwenyewe, mabega labda. Aliushusha.

"Samahani," akasema, na ilisikika mpaka nyuma. "Nimewapa juu sana. Tutaanza tena."

Mimi nimekaa katika kazi hii maisha yangu yote na sijawahi kuwa na ujasiri wa kusema hivyo. Kimeu hakuwahi. Sote tulipotoa noti vibaya tuliendelea nayo kama watu wanaofuata gari lisilo na breki, tukitumaini. Yeye alisimama mbele ya simu zote hizo, zikiwa zinamrekodi akikosea, akatoa pumzi, nikaona kifua kikitulia, akagonga tena. Mi, re, do. Nilimsikia akishuka. Waimbaji wakapokea sauti zao, na wimbo ukaanza mahali pake.

Neno la juu lilipokaribia nilifumba macho. Nilingoja mvunjiko. Nilingoja, kisha nikagundua kwamba wameshafika kwenye mstari unaofuata. Lilikuwa limepita na sikulisikia.

Watu walipiga makofi ya kawaida. Msidhani walisimama juu ya viti. Kwa kwaya kutoka ugenini na jua likiwa kali, makofi ya kawaida ni mengi.

Nilimkuta nyuma ya kanisa ameinama, anatapika. Nikamshika mgongoni mpaka akamaliza, nikampa leso yangu.

"Mwalimu," akasema, "hii kitu inaisha lini?"

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa na uwongo mzuri kabisa tayari mdomoni.

"Mimi hata leo nilikuwa natetemeka na nilikuwa nimekaa chini," nikamwambia. "Haiishi, Mwende."

"Haiishi kabisa?"

"Kabisa."

Alijifuta mdomo kwa ile leso. Niliogopa kwamba nimemmaliza, kwamba ukweli huo ndio ungefanya kile ambacho video haikuweza. Kutoka mbele tukasikia jina la kwaya yetu likiitwa kwa wimbo wa pili. Nikakaa juu ya jiwe, nikainama kutafuta la kumwambia kabla hajaondoka.

Nilipoinua kichwa hakuwepo. Ile leso ilikuwa magotini pangu, na upande wa pili wa ukuta alikuwa ameshaanza kuimba.